Marumaru za Coleta Darajani

Ukitaka kumkasirisha Coleta, mwambie kazi yake ni nzuri ila haionekani. Mumewe Leonardi, fundi baiskeli, alishamwambia hivyo kwa utani, akanuniwa mpaka jioni. Alinuniwa kwa sababu alisema kweli. Mama huyu amebandika marumaru Sumbawanga tangu enzi ambazo nyumba yenye sakafu ya kung'aa watu walikuwa wanaonyeshana kwa kidole, na kazi yake yote imefungiwa ndani: mabafuni, vyooni, jikoni nyuma ya majiko. Siku ya mwisho anafuta simenti iliyoganda kwenye pembe, anapiga deki, anasimama mlangoni kidogo kutazama. Kisha mwenye nyumba anamshukuru sana, anamsindikiza mpaka getini, na habari inaishia hapo. Nani atamkaribisha mtu aje kukaa akitazama choo?

Alizaliwa Kasense, kwenye nyumba ya jembe, na jembe lenyewe halikumpenda, au tuseme yeye hakulipenda. Akiwa msichana alipata kibarua cha kuwachotea maji mafundi waliokuwa wakijenga nyumba ya masista. Siku moja fundi mkuu akamkuta amepanga vipande vya marumaru zilizovunjika pale mchangani, ua zima na majani yake. Badala ya kumfokea akampa mwiko wa fundi. Tangu hapo jembe na Coleta wakaagana. Wanaume wa fani walimcheka, mwanamke na kikata marumaru wapi na wapi. Leo wanaume hao hao wakikwama kwenye kona ya bafu wanampigia simu. Anakwenda kuwasaidia, ila kwanza anawacheka, tena kwa sauti.

Kitu kimoja hakuweza kukitupa, nacho ni vipande. Barabara ya kutoka Tunduma siku hizi ni lami, lakini marumaru bado hazijajifunza kusafiri, kila boksi linafika na majeruhi wake. Coleta alikuwa anaviomba vile vilivyovunjika, anavileta nyumbani Malangali kwenye viroba, anavitenga kwa rangi nyuma ya nyumba. Leonardi alilalamika kwamba kuku wake hawana tena pa kupita.

"Vya nini vyote hivi, mama Rahel?"

"Vitajulikana."

Vilijulikana mwaka jana. Kuna daraja la zamani la zege pale Malangali, juu ya kijito, kwenye njia inayotoka Kasense. Ni daraja dogo, lori likipita mtu wa miguu anajibana. Lakini pembeni lina kuta mbili nene za kufika kiunoni, za kijivu, ambazo machoni pa Coleta zilikuwa zimesimama miaka yote bila kazi yoyote ya maana. Alizipita nusu ya maisha yake bila kuzitazama. Asubuhi moja akazitazama, na siku hiyo alipika ugali ukaungua.

Ruhusa aliiomba kwa injinia Zenon, anayesimamia barabara za upande ule, mtu wa Matai, mpole, anayependa kila kitu kinyooke. Zenon alimsikiliza, akakuna kidevu.

"Pamba, mama," akasema. "Ila siku nikikuta imekuwa uchafu, inadondoka ovyo barabarani, napiga plasta ukuta mzima. Usije ukanililia."

"Sitakulilia," akajibu Coleta, kama mtu asiyejua anachoahidi.

Alianza Juni, baridi ya Ufipa ikiwa kwenye ukali wake, upepo unakata masikio na simenti inachelewa kushika. Alifanya kazi Jumapili baada ya misa na siku nyingine alipokosa bafu la mtu. Na alitengeneza nini? Cha ajabu, alitengeneza kile alichokikimbia. Kwenye ukuta mmoja aliwapanga wanawake wa shamba, mgongo kwa mgongo, majembe juu, matuta meusi yamejipanga mbele yao. Nyuma akaweka vilima vya kijani. Na juu kabisa, katikati, pale ukuta unapokunjia kwenye bapa lake la juu, akaweka jua linalochomoza, kubwa, la njano, na miale yake ikimwagika pande zote.

Kule juu katikati palikuwa na kishimo kirefu kilichobonyea kwenye zege, laini kana kwamba kimelambwa. Coleta alidhani ni bampa la lori. Akakijaza udongo wa simenti, akaweka pima maji, akaona kiputo chake kimetulia katikati, akaridhika sana. Hakuuliza mtu. Ninyi mnaomjua mtamsamehe, maana Coleta akishaona kitu kimepinda haulizi, ananyoosha.

Furaha iliyofuata haina mfano. Watu walikuwa wanasimama darajani na kuyatambua mabafu yao. "Hii bluu ni ya kwangu! Ni ya chooni kwangu hii!" alipiga kelele mwalimu mmoja mstaafu, na akarudi kesho yake na mkewe kumwonyesha. Mwingine alidai jua lote limetoka jikoni kwake, jambo ambalo lilikuwa kweli robo. Maharusi walipiga picha pale. Vijana wa bodaboda, ambao kijiwe chao kipo upande wa pili wa daraja, wakaanza kuwaambia abiria, "Nakushushia kwenye jua." Na Coleta? Duka liko mlango wa tatu kutoka kwake, lakini chumvi ikaanza kununuliwa ng'ambo ya daraja. Kiberiti pia. Leonardi aliona jinsi mkewe anavyotoka na kurudi na pakiti moja ya majani ya chai, akatabasamu kwenye spoki zake.

Mvua za kwanza zilikuja Novemba, na pamoja nazo balaa.

Coleta alipita asubuhi moja akakuta jua limeng'oka jino. Kipande kimoja cha njano hakipo. Akasema labda simenti ilishika vibaya, akabandika kingine. Baada ya siku mbili vilikuwa vimetoka vitatu, na zege chini yake limekwanguliwa. Akabandika. Vikatoka. Wanawake na matuta na vilima viko salama salimini, jua tu ndilo linaliwa. Mjini maneno hayakukosekana. Sumbawanga hii kitu kikikosa maelezo kinapewa maelezo yale yale, na tayari kulikuwa na mtu anayejua kwa hakika kwamba vipande vya njano vinapelekwa kwa mganga. Coleta alikataa upuuzi huo. Yeye alishajua mkosaji ni nani.

Alivuka daraja, akawasimamia vijana wa bodaboda mikono kiunoni.

"Shikamoo mama fundi," akasema Shedrack, ambaye ndiye msemaji wa kijiwe.

"Marahaba ya nini? Mnanivunjia jua langu!"

"Sisi? Mama, sisi tunakula kwa jua hilo. Mtu anakuja kupiga selfii, anaondoka na boda. Tulivunje ili iweje?"

"Wahuni hamhitaji sababu."

Neno hilo lilimwuma Shedrack. Kila Coleta alipopita alimsalimia vizuri na kuongeza, "Mhuni wako nipo, mama," na Coleta alijifanya hasikii.

Ijumaa moja injinia Zenon alishuka kwenye pikapu yake darajani. Jua lilikuwa limebaki nusu, na chini yake vigae vilivyopasuka vimetapakaa njiani. Aliviokota kimoja kimoja, akaviweka juu ya ukuta, akampigia Coleta.

"Mama, tulikubaliana. Wiki ijayo tuna wageni, barabara hii inasafishwa yote. Jumatatu asubuhi naleta vijana na plasta."

"Injinia, nipe muda nimjue anayefanya hivi."

"Ukimjua itasaidia nini kama kesho atarudi? Mimi sina ubaya na picha yako. Nina ubaya na kitu kinachobomoka."

Coleta alikata simu, akakaa kwenye kiroba cha vipande vyeupe na kulia kwa uchungu kama mtoto aliyenyang'anywa. Leonardi alikuja akakaa kwenye kiroba cha bluu. Hakumtania. Alisema tu kwamba kesho aamke mapema akakae pale darajani, maana anayebomoa lazima ana saa yake.

Basi Jumamosi, ukungu bado umelala kijitoni, Coleta alikuwa kwenye benchi la kijiwe cha bodaboda, kajifunika vitenge viwili na koti la mumewe. Shedrack alikuja naye, bila kuombwa. Alisema amekuja kulinda jina lake. Walikaa wakipuliza vidole. Mara wakasikia sauti kutoka kwenye ukungu, kwaru, kwaru, kwaru, chuma kwenye zege, na vicheko vya wanawake.

Coleta aliruka kama aliyemwagiwa maji. Alifika darajani na maneno yake yote tayari mdomoni. Akawakuta akina mama wa Kasense wamepanga foleni, vitenge vimefungwa kifuani, majembe mikononi, wanakwenda shamba. Wa mbele alikuwa mama mtu mzima, mrefu, jembe lake limelala juu ya jua, analivuta na kulisukuma kwa mkono uliozoea. Alipomwona Coleta aliliegemeza jembe ukutani, akainama, akapiga makofi yale ya polepole ya salamu, na wenzake wote nyuma yake wakainama wakapiga makofi. Sasa wewe mtoto wa Kifipa umesalimiwa hivyo, utaanza kutukana kutokea wapi? Coleta aliinama naye. Ameamkaje, wa nyumbani wameamkaje, mvua huko inasemaje, maharage yameota? Mpaka salamu zinaisha, nusu ya hasira ilishamtoka, na aliuliza kwa nusu iliyobaki.

"Mama, mnafanya nini hapa?"

"Tunanoa, mwanangu," akasema yule mama. Jina lake Avelina. "Udongo umelowa, jembe butu halifai."

"Mnanoa kwenye jua langu!"

Avelina alilitazama jua, akalitazama jembe, akamtazama Coleta kuanzia koti la mwanamume mpaka viatu. "Hapa? Hapa ni kinoo chetu. Mama yangu alinoa hapa tangu daraja likiwa jipya. Palikuwa na kishimo, jembe linakaa lenyewe, unavuta mara chache umemaliza. Kiangazi hatulimi, hatupiti. Mvua zimeanza, tunakuja, tunakuta mtu ameziba kinoo na vitu vinavyoteleza."

Coleta aligusa zege lililokwanguliwa. Kile kishimo alichokisawazisha kwa pima maji! Lori halikuwahi kukigusa. Kilichimbwa na majembe, miaka kwa miaka, na mikono ya mama zake wadogo na shangazi zake wa Kasense, na yeye kama angebaki na jembe angekuwa amekichimba pia. Kwao walilima nyuma ya nyumba, upande mwingine kabisa, ndiyo maana hakuwahi kunoa darajani. Lakini kinoo anakijua. Mtoto gani wa Kasense asiyejua kinoo? Aibu ilimpanda mpaka kwenye masikio yaliyokuwa yameganda.

"Mbona hamkusema?"

"Tumwambie nani? Tulijua ni wakubwa wa mjini wanapamba. Tukasema tusiwaudhi, tufukue padogo tu, pa kuweka jembe. Na vipande vyako vile vizima ninavyo nyumbani, kwenye ndoo. Nilijua mwenyewe atakuja kuviulizia."

Nyuma yao Shedrack alikuwa ameshika tumbo kwa kicheko. "Wahuni wenyewe ndio hawa! Mama fundi, haya sasa, sema."

"Nisamehe, mwanangu," akasema Coleta. "Nilikuonea."

"Imeisha hiyo. Ila utawaambia na washikaji."

Ndipo Coleta akawaeleza akina mama habari ya Jumatatu. Akasema yote, hata yale ambayo hakuwahi kumwambia mtu: kwamba ana mabafu mji mzima na haruhusiwi kuingia hata kwenye moja, na ukuta huu ndio kazi pekee anayoweza kuitazama bila kubisha hodi. Mama mmoja kijana, mkweli kupita kiasi, akanong'ona kwamba plasta nayo si mbaya, ina chenga, itanoa vizuri. Avelina alimkata kwa jicho.

Kisha Avelina akasogea ukutani, akainama, akaweka kidole juu ya mwanamke wa pili kutoka mwisho, mwenye kitenge cha bluu.

"Huyu ni nani?"

"Si mtu maalumu, mama. Ni mwanamke tu analima."

"Ni mimi," akasema Avelina. "Mkono wa kushoto umeshika juu ya mpini, wa kulia chini. Kasense nzima mimi ndiye ninayeshika hivyo. Na mimi sitaki kupigwa plasta."

Akina mama walipasuka kwa kicheko, wakaanza kugombea waliobaki. Huyu mnene ni wewe. Mimi siko hivyo! Uko hivyo, tena kakupunguza. Coleta alicheka na kulia kwa pamoja, akijifuta na koti la Leonardi, na kabla kicheko hakijaisha alikuwa ameshaona la kufanya.

Shamba liliahirishwa mpaka mchana, jambo ambalo wakati wa mvua halitokei hivi hivi. Avelina alikuwa na jiwe la kusagia la marehemu mama yake, lililopasuka katikati zamani, nusu yake imewekwa mlangoni kama ngazi tangu mashine za kusaga zilipoenea. Nusu hiyo ilikuwa ya mviringo upande mmoja na nyoofu upande wa pili, jiwe gumu lenye chenga ndogondogo, lile hasa linalopendwa na chuma. Shedrack alilifuata Kasense kwa bodaboda, akalifunga kwa mpira kwenye siti ya nyuma, na njia nzima watu walimwuliza abiria wake ni nani mbona hasemi.

Coleta alibomoa mwenyewe kile kilichobaki cha jua. Alibomoa na udongo wake wa simenti aliouonea fahari, mpaka kishimo cha zamani kikaonekana. Akalilaza jiwe humo, upande wa mviringo juu, akalizungushia simenti nzito, na kuanzia kwenye ukingo wake akaipanga upya miale ya njano, kwa vipande vya kwenye ndoo ya Avelina. Akina mama walimchagulia vipande. Walibishana kuhusu rangi kuliko wateja wake wote wa mabafu. Jioni ilipofika jua lilikuwa linachomoza tena juu ya matuta, safari hii la jiwe, pana, la kijivu linaloelekea wekundu, na miale ya njano ikilitoka. Coleta akaweka gunia bichi juu yake na kuwaomba wote wasiguse hadi Jumatatu. Jumapili hakuna anayekwenda shamba, kwa hiyo hilo lilikubalika bila mjadala.

Jumatatu injinia Zenon alifika na pikapu, mifuko ya simenti, na vijana wa kufyeka majani ya barabarani. Alimkuta Coleta amesimama mbele ya ukuta. Alikuwa amelala vibaya na alionekana hivyo.

"Mama, shikamoo. Tusicheleweshane."

"Marahaba, injinia. Waliokuwa wakibomoa ni akina mama wa Kasense, walikuwa wananoa majembe. Tazama kwanza."

Zenon alitazama. Alipitisha kidole kwenye miale, akatikisa kipande hiki na kile, akatoa pima maji yake mwenyewe mfukoni, akaiweka, akainama kukitazama kiputo. "Limenyooka," akasema bila raha, kwa sababu alikuja na uamuzi wake tayari. "Lakini hawa watu watalibomoa tena. Niambie kitakachowazuia."

Kabla Coleta hajajibu, pembeni yao pakawa na msukumano. Vijana wa Zenon, wenye mafyekeo butu kama vijiko, walikuwa wameshaona jiwe. Mmoja alilaza fyekeo lake, kwaru, kwaru, akajaribu makali kwa kidole gumba, akapiga mluzi. Wenzake wakapanga mstari nyuma yake. Akina mama wa Kasense walikuwa wanafika wakati huo huo, wakaukuta mstari, wakaingia nyuma ya mafyekeo kwa utaratibu, salamu zikaanza. Avelina aliwaelekeza vijana jinsi ya kulaza chuma ili wasiguse miale, na mmoja alipogusa kidogo alipigwa kibao cha mkono.

"Nani kawaambia mnoe hapo?" Zenon aliuliza.

"Bosi, si ndiyo pake?" akajibu yule kijana, akishangaa swali.

Zenon alimgeukia Avelina. "Mama, shikamoo. Atakayelitunza jua hili ni nani?"

"Marahaba, mwanangu. Ni sisi."

"Si ninyi ndio mliolivunja?"

"Ndiyo. Tulivunja lilipokuwa la mtu mwingine. Sasa jiwe ni la mama yangu, na huyo wa bluu hapo ni mimi. Njoo uvunje wewe uone."

Darajani palilipuka kicheko, na wa kwanza kucheka alikuwa kijana mwenye fyekeo. Zenon alijitahidi kukunja uso, uso ukakataa. Akaangalia simenti kwenye pikapu, akaangalia foleni, ambayo sasa ilikuwa imeanza kuziba njia. "Simenti ipelekeni kwenye ule mtaro uliokatika," akawaambia vijana wake. "Mkimaliza kunoa kwanza." Kisha akamwendea Coleta, akasema taratibu kwamba ukuta wa pili bado mtupu, kama ataona vema.

Coleta aliitikia kwa kichwa. Alikwenda akakaa kwenye benchi la bodaboda, Shedrack akamsogezea nafasi, na ukungu ukaanza kuondoka juu ya kijito. Vyuma vilikuwa vinalia juu ya jiwe, jembe baada ya jembe, na kila mwanamke aliyemaliza alipita mbele ya ukuta akajitafuta. Simu yake ikaita. Alikuwa mteja mmoja, bafu lake halijaisha na wageni wake wako njiani.

"Fundi, uko wapi? Nakusubiri tangu saa moja."

"Nitachelewa leo, baba. Niko kazini kwangu."

"Kazini gani tena? Unafanya nini huko?"

"Natazama," akasema Coleta.

Akaiweka simu mfukoni, akavuta miguu kumpisha mama mwenye jembe, akaendelea kutazama.